Miwani ya Uhalisia Pepe na Mtoto Asikiaye kwa Macho

Mjini Muyinga, kaskazini-mashariki ya Burundi, iko maktaba ambayo picha zake zimechapishwa katika majarida ya wasanifu majengo wa nchi nyingi. Ilijengwa mwaka 2012 kwa matofali ya udongo uliogandamizwa na vigae vya udongo uliochomwa, na juu ndani yake umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za mkonge, ambamo watoto hujilaza na vitabu vyao. Wasanifu wake walikuwa BC Architects wa Brussels, nao walishirikiana na mafundi wa hapo hapo. Uzuri wa jengo umesifiwa sana, lakini lililo kubwa zaidi ni kusudi lake, kwa kuwa maktaba hiyo ilikusudiwa iwe sehemu ya kwanza ya shule ya watoto viziwi.

Msomaji aliyelea mtoto asiyesikia anafahamu jinsi mtoto huyo anavyotumia macho. Kwa macho huona njia na chakula kama wenzake, na kwa macho hayo hayo huyapokea maneno ya mama, makaripio ya baba na mafunzo ya mwalimu, yote yakipita katika mikono na nyuso za watu. Taa ikizimika ghafla usiku, mtoto asikiaye hupoteza mwanga tu. Kiziwi hupoteza mwanga na mazungumzo kwa pamoja.

Yafaa jambo hilo likumbukwe sasa, maana kimetokea chombo ambacho kazi yake ya kwanza ni kuyafunika macho. Chombo hicho ni miwani ya uhalisia pepe, yaani kisanduku kivaliwacho usoni, chenye lenzi mbili na kioo cha picha mbele ya kila jicho. Jicho la kulia huonyeshwa picha iliyo tofauti kidogo na ile ya jicho la kushoto, na ubongo huziunganisha ukaona kina na umbali. Ujuzi huo si mpya. Charles Wheatstone wa Uingereza aliueleza mwaka 1838, kabla hata ya kamera kuenea. Kipya ni kwamba miwani ya siku hizi hutambua kichwa kikigeuka, nayo huibadili picha mara 72 au 90 kwa kila sekunde, hata mvaaji akaona kuwa amesimama mahali pengine kabisa. Picha ikichelewa kidogo tu kukifuata kichwa, tumbo huchafuka kama la msafiri aliyekaa kiti cha nyuma katika barabara ya milima.

Shule na makao ya vijana yakipata miwani ya namna hiyo, mara nyingi swali huwa ni bei. Mwezi Oktoba 2024 kampuni ya Meta ilianza kuuza Quest 3S kwa dola 299, na ile ya Apple, iliyotoka Februari 2024, ilitangazwa kwa dola 3,499. Hata hiyo iliyo rahisi huzidi mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi nchini Burundi. Lakini liko swali la pili ambalo wanunuzi wengi hulisahau mpaka chombo kimekwisha fika nyumbani: ndani ya miwani hiyo mna nini cha kutazama, na nani ameruhusiwa kukiweka humo?

Njia ya kwanza ya kupata vitu vya kutazama ni duka la programu la kampuni iliyotengeneza miwani. Duka hilo hudai akaunti, na kwa vitu vingi hudai kadi ya benki, tena mwenye duka ndiye aamuaye kiingie nini na kitoke nini. Mwalimu wa Gitega akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake ngoma za Gishora, hawezi kukiweka alichokitengeneza katika duka la namna hiyo jioni moja baada ya kusahihisha madaftari. Njia ya pili ni kivinjari, programu ile ile ya kufungulia kurasa za intaneti ambayo kila mwenye simu anaijua. Ukurasa hauombi ruhusa ya duka. Aliye na anwani yake huufungua. Neno lenyewe ni la mabaharia, maana kuvinjari ni kuzunguka na chombo baharini ukipeleleza. Hakuna baharia anayefurahi kuambiwa kwamba bandari ni moja tu.

Wazo la kuiingiza intaneti katika ulimwengu wa pande tatu lilianza mapema. Mwezi Mei 1994 wajuzi wa mtandao walikutana Geneva katika mkutano wao wa kwanza, na huko Mark Pesce na Tony Parisi walikuwa na kivinjari chao cha majaribio kilichoitwa Labyrinth. Kukazaliwa lugha iliyoitwa VRML. Lakini kompyuta za wakati ule zilikuwa nzito na nyaya za simu nyembamba, hata mambo yakafifia.

Yalifufuka mwaka 2014. Vladimir Vukićević wa Mozilla, ambaye mapema ndiye aliyeanzisha kazi ya kuchora vitu vya pande tatu katika ukurasa wa kawaida, alipendekeza utaratibu ulioitwa WebVR, na Brandon Jones wa Google akaungana naye. Mwezi Desemba 1995 ulikuwa umepita miaka 20 kamili pale Mozilla ilipotoa A-Frame, Desemba 2015, na hicho ndicho kifaa ambacho mwalimu anapaswa kukijua kwa jina. Kwa A-Frame mtu huandika mistari michache ya maneno, kama aandikaye ukurasa wowote, akataja picha ya duara na mahali itakapokaa, na kivinjari hufanya yaliyobaki. Mwezi Agosti 2017 Firefox 55 ikawa na WebVR kwa watumiaji wa Windows. Septemba 2018 kikatoka Firefox Reality, kivinjari kilichotengenezwa kwa ajili ya miwani peke yake, kikiwa na kurasa zielezwazo hewani mbele ya mvaaji kama mbao za matangazo. Mwaka uliofuata WebVR ilipisha utaratibu mpana zaidi, WebXR, ulioandikwa chini ya W3C, chama kinachoziwekea kurasa za dunia kanuni zake, na Desemba 2019 kivinjari cha Chrome kikaupokea.

Kisha fedha zikapungua. Agosti 2020 Mozilla iliachisha kazi watu wapatao 250, na Februari 2022 ikatangaza kwamba inaiacha Firefox Reality. Hapo ndipo ilipoonekana faida ya programu ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu. Igalia, kampuni ya Hispania inayomilikiwa na wafanyakazi wake wenyewe kwa mtindo wa ushirika, iliyachukua maandishi yale yale na kuyaendeleza kwa jina la Wolvic. Lau yangekuwa ni mali ya siri, kivinjari kingezikwa pamoja na bajeti yake. Haikuwa hivyo kwa kila kitu: mwaka 2024 Mozilla iliufunga pia mradi wake wa vyumba vya mikutano ulioitwa Hubs, na ingawa wengine waliuendeleza, waliokuwa wamejenga vyumba vyao huko walilazimika kuvihamisha. Mwalimu anayeandaa kurasa na asome habari hiyo mara mbili, kisha aweke nakala ya kila picha na kila mstari mahali anapopamiliki mwenyewe.

Apple nayo, baada ya kusita, iliifungulia WebXR mlango katika Safari ya miwani yake mwezi Septemba 2024. Kwa hiyo ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri waweza kufunguka katika miwani za makampuni yanayoshindana, jambo ambalo programu ya dukani haiwezi.

Ichukuliwe basi mfano wa mwalimu wa Gitega aliyekwisha kutajwa. Mji wake, uliofanywa makao makuu ya kisiasa ya Burundi na kuchukua nafasi hiyo ya Bujumbura mwanzoni mwa mwaka 2019, una hazina ya kutosha kurasa nyingi. Iko Makumbusho ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1955, yenye vyombo vya enzi za wafalme. Kilomita chache kaskazini ya mji iko Gishora, kilima cha ngoma za kifalme kinachohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo. Mwaka 2014 UNESCO iliuandika mchezo wa ngoma hizo katika orodha ya urithi wa binadamu. Picha ya duara iliyopigwa katikati ya wapigaji, nao wakiwa wamejipanga nusu mwezi na ngoma ya kati mbele yao, ni ya megabaiti chache tu. Anayetaka kuipiga na atafute idhini kwanza, kwani amri ya rais ya Oktoba 2017 iliweka masharti juu ya maonyesho ya ngoma hizo, na pia iliwakataza wanawake kuzipiga.

Anayedhani kwamba kazi kama hiyo hufanywa Ulaya tu na atazame pwani ya Tanzania. Watu wa Zamani Project, wa Chuo Kikuu cha Cape Town, waliyapima kwa mionzi ya leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, wakatengeneza mifano ya pande tatu ya misikiti na majumba yake. Jina la mradi ni la Kiswahili, ingawa makao yake yako mbali na Waswahili.

Picha ya Gishora ikiwa tayari, itafikaje Muyinga kwa njia ya Karuzi bila gharama kubwa? Burundi haina bahari, na intaneti yake hupita katika nyaya za nchi jirani. Vifurushi vya simu huliwa upesi. Mwalimu mwerevu huwaza kuweka kurasa zake katika kompyuta ndogo darasani, na miwani izisome kwa mawimbi ya hapo hapo bila intaneti. Hapo hukutana na kikwazo ambacho hakuna kijikaratasi cha dukani kinachokitaja. Kanuni za WebXR zinataka ukurasa uje kwa njia iliyofungwa kwa ufunguo wa siri, yaani anwani yenye cheti cha usalama. Ukurasa utokao katika kompyuta ya darasani isiyo na cheti utafunguka kama ukurasa wa kawaida, lakini kitufe cha kuingia ndani ya picha hakitafanya kazi, na mwalimu atadhani ameandika vibaya.

Sababu ya kanuni hiyo ni njema. Miwani hujua kichwa kinaelekea wapi, mikono imekaaje, na chumba kina ukubwa gani, na habari za namna hiyo hazifai kupita katika njia ambayo jirani aweza kuidukua. Lakini kanuni iliyotungwa na watu wenye intaneti saa zote imemwelemea asiye nayo. Dawa zipo, nazo zinahitaji fundi. Kompyuta ya darasani yaweza kupewa jina la tovuti lenye cheti halali kabla haijapelekwa shuleni, na cheti kikahuishwa kila kinapokwisha muda. Au ukurasa uandikwe kwa namna ya kujihifadhi ndani ya miwani ukifunguliwa mara ya kwanza mahali penye mtandao, ili siku nyingine ufunguke hata mtandao ukikatika. Njia hii ya pili ndiyo yenye taabu ndogo kwa shule yenye miwani moja. Ama umeme, miwani nyingi hukaa na chaji kwa saa mbili au tatu, basi mtambo mdogo wa jua hutosha. Mkoa wa Gitega si mgeni wa nguvu za jua, maana huko Mubuga kituo cha megawati 7.5 kilianza kazi mwaka 2021.

Hayo ni ya mashine. Yarudi sasa ya mtoto wa Muyinga.

Siku mtoto asikiaye anapovaa miwani darasani, mwalimu husimama kando na kumwambia: geuka kulia, tazama ngoma ile ya katikati, usiogope. Sauti hupita. Mtoto kiziwi akivaa miwani ile ile, mikono ya mwalimu hutoweka. Wenzake hutoweka. Akipata kizunguzungu hajui amwite nani, na mwalimu akitaka kumwonya kwamba yuko karibu na ukingo wa meza hana njia ila kumshika bega, naye mtoto ataruka kwa hofu. Chombo kilichofika kama zawadi humwacha peke yake kuliko alivyokuwa.

Wapo waliolifikiria jambo hili, na faida ya kanuni zilizo wazi ni kwamba mawazo yao yanasomwa na kila mtengenezaji. Agosti 2021 W3C ilitoa maandishi kuhusu mahitaji ya watu wenye ulemavu katika uhalisia pepe. Mojawapo ya maswali yaliyojadiliwa ni dogo kulitaja na gumu kulijibu: manukuu ya maneno yakae wapi? Katika televisheni hukaa chini ya kioo, kwisha. Ndani ya miwani hakuna chini wala juu ya kioo. Maneno yakifungwa mbele ya macho, huifunika picha kila mtoto anapogeuka, na yakifungwa karibu na msemaji, hupotea mtoto akitazama nyuma. Wengine huyaacha yamfuate mtazamaji polepole, pamoja na mshale unaoonyesha msemaji yuko upande gani. Mwandishi wa ukurasa aweza kuijaribu kila namna na kuwauliza wanafunzi wenyewe ipi inawachosha. Kwa mtoto asomaye lugha ya alama vizuri kuliko maandishi, bora zaidi ni mwalimu wake apigwe filamu akieleza kwa alama, na filamu hiyo iwekwe ndani ya picha ya Gishora kando ya ngoma yenyewe.

La pili ni mikono. Kuandika anwani ndani ya miwani ni adha: mvaaji hulenga herufi moja moja kwa mwale kama mwindaji wa ndege. Watengenezaji wengi wameona dawa ni kuongea, mashine ikaandika. Anayezungumza Kirundi hupata taabu, na asiyezungumza kwa sauti amefungiwa kabisa. Lakini WebXR ina sehemu yake ihusuyo mikono, ambamo kivinjari hueleza mahali vilipo viungo 25 vya kila mkono, kutoka kifundo hadi ncha za vidole. Kuzielewa alama za lugha nzima ni kazi kubwa bado. Hata hivyo ukurasa waweza kuandikwa leo hii ambamo mtoto huchagua kwa kunyoosha kidole, na kutoka nje kwa kufungua kiganja, bila kutamka wala kuandika neno.

La tatu ndilo la maana kupita yote. Miwani za karibuni zina kamera mbele, nazo zaweza kuonyesha chumba halisi pamoja na vitu vilivyochorwa. WebXR imeruhusu ukurasa uombe hali hiyo, bila ukurasa wenyewe kupewa picha za kamera. Kwa hali hiyo ngoma ya Gishora husimama katikati ya darasa la Muyinga, na mwalimu huonekana nyuma yake akiendelea kueleza kwa mikono. Mtoto huona ngoma na maneno kwa wakati mmoja. Kwa shule ya viziwi, hilo ndilo la kuuliza kabla ya kupokea chombo chochote, hata kikiwa cha bure. Miwani nyingi za zamani, kama Oculus Go ya mwaka 2018 ambayo bado hupatikana kwa waliochoka nayo, hazina uwezo huo. Kwa shule nyingine zafaa kwa picha na filamu. Kwa hii hazifai.

Kuna pia kile ambacho kivinjari hakitakileta. Ngoma za Gishora hupigwa nyingi kwa pamoja, na ardhi hutetemeka chini ya nyayo. Kiziwi aliyesimama karibu nazo huzipata miguuni na kifuani, wakati mwingine kwa uangalifu kuwashinda wanaosikia. Katika miwani ngoma zile zitakuwa kimya kwake. Shule ikiweza kukodi gari mara moja kwa mwaka, ukurasa na utazamwe wiki moja kabla, ili watoto wajue majina ya ngoma na wapigaji, halafu waende.

Kwa wazazi ambao chombo hiki kitaingia nyumbani mwao, yapo machache ya kuangalia. Watengenezaji huweka umri wa chini wa kutumia. Meta iliuweka kuwa miaka 13, kisha mwaka 2023 ikaushusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mtoto na aanze akiwa ameketi, kwa dakika chache, na akilalamika kichwa au tumbo avuliwe mara moja, asiambiwe avumilie. Mwenye macho mekundu yanayotoa tongo asiivae, maana kila avaaye baada yake atauchukua ugonjwa. Povu linalogusa uso lipanguswe baada ya kila mtoto. Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu na laini, si kwa spiriti wala kwa pindo la kanga lenye vumbi.

Tena isiachwe barazani wala dirishani. Lenzi zake hukusanya nuru kama kioo cha kuwashia moto, na jua likizipiga kwa dakika chache tu huchoma alama ndani ya kioo cha picha, alama isiyotengenezeka. Ikivuliwa, irudishwe katika mfuko wake pale pale, lenzi zikielekea chini, na mfuko uwekwe kabatini pamoja na vitabu.